Wazazi wa Dover waliompigania mwalimu wa biolojia

Dover ni mji mdogo katika kaunti ya York, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Darasa moja la sayansi katika sekondari ya mji huo lilikuwa na mchoro mkubwa, wa futi 16 kwa urefu, uliochorwa na mwanafunzi kama kazi yake ya kumalizia shule. Ulionyesha viumbe wakitembea kwa safu, kuanzia wale wa kale walioinama hadi binadamu aliyesimama wima. Mwanafunzi yule alipohitimu aliuachia shule. Agosti 2002, wakati wa likizo, mchoro ukatolewa darasani na kuchomwa moto. Walimu waliporudi kuanza muhula walikuta nafasi yake tupu.

Baadaye mjumbe mmoja wa bodi ya shule, Bill Buckingham, alisema aliutazama mchoro ule ukiungua na akafurahi. Hayo ni kwa mujibu wa Bertha Spahr, mwalimu wa kemia na mkuu wa idara ya sayansi, aliyeyaeleza mahakamani akiwa chini ya kiapo.

Mvutano wa mji huo ulizaa kesi ya Kitzmiller dhidi ya Wilaya ya Shule za Dover, iliyotolewa hukumu mwaka 2005. Wengi huisimulia kama pambano la dini na sayansi, Mungu upande huu na Darwin, mwenye nadharia ya mageuko ya viumbe, upande ule. Nimeisoma hukumu hiyo, na naona simulizi hiyo inaacha mambo mengi nje. Walioshtaki walikuwa wazazi 11, na miongoni mwao wamo waliokuwa wakifundisha watoto Biblia kanisani. Shahidi wao wa kwanza alikuwa Mkatoliki. Jaji mwenyewe alikuwa Mlutheri aliyeteuliwa na Rais George W. Bush. Watu hawa hawakwenda mahakamani kumpinga Mungu. Walikwenda kudai kwamba mwalimu afundishe somo lake bila hofu na mtoto aruhusiwe kuuliza.

Marekani haina wizara inayopanga mtaala wa nchi nzima kama tulivyozoea sisi. Kila wilaya ya shule ina bodi yake, na mara nyingi wajumbe ni wakazi wa kawaida waliochaguliwa kwa kura. Bodi ya Dover ilikuwa na wajumbe tisa. Alan Bonsell, aliyekuja kuwa mwenyekiti wake, alikuwa na gereji. Buckingham alikuwa askari mstaafu. Wote wawili waliamini kwa moyo mmoja kwamba uumbaji ulikwenda neno kwa neno kama Kitabu cha Mwanzo kinavyosimulia, na hakuna mtu mwenye haki ya kuwalaumu kwa imani hiyo. Tatizo lilikuja walipotaka ofisi ya umma iwafanyie kazi ya kanisa.

Mwaka 2003 Bonsell alikutana na Jennifer Miller, mwalimu wa biolojia. Alimweleza wasiwasi ambao mzazi yeyote anayelea watoto wake katika dini ataufahamu: mtoto akisikia hili nyumbani na lile shuleni, atabaki akijiuliza ni nani anayemdanganya. Wasiwasi huo siudharau. Miller alimjibu kwamba wao hawafundishi uhai ulianzaje. Wanafundisha namna viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi. Kikao kikaisha. Hakuna agizo lililotolewa, wala barua iliyoandikwa.

Lakini walimu walikuwa wameelewa. Kabla ya hapo Miller alikuwa akiwatoa wanafunzi darasani wakachore kwenye korido mstari mrefu wa historia ya dunia, wapange ni viumbe gani walitokea lini. Baada ya kikao kile aliliacha zoezi hilo. Mwenzake mmoja, ambaye alizoea kuwaeleza wanafunzi tofauti kati ya somo la sayansi na mafundisho ya dini juu ya uumbaji, naye aliacha. Mambo hayo mawili yameandikwa katika hukumu, na kwangu mimi yana uzito kuliko hotuba zote za mawakili. Sheria ilikuwa haijabadilika hata nukta. Aliyebadilika ni mwalimu, kwa woga, na mtoto aliyekaa mbele yake hakujua kuna kitu amenyimwa.

Kitabu, hundi na kura

Kugombana juu ya somo hili Wamarekani hawakuanzia Dover. Mwaka 1925 mwalimu John Scopes alishtakiwa katika mji wa Dayton, Tennessee, kwa kufundisha mageuko ya viumbe, akatozwa faini ya dola 100. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilifuta marufuku ya aina hiyo katika jimbo la Arkansas. Mwaka 1987 ikafuta sheria ya Louisiana iliyolazimisha shule za umma zinazofundisha mageuko zifundishe pia uumbaji kama sayansi. Msingi wa maamuzi haya mawili ni Katiba yao, ambayo inaikataza serikali kuanzisha dini au kuipendelea, na shule ya umma ni mkono wa serikali.

Mlango huo ulipofungwa, ikaja hoja nyingine: kwamba baadhi ya viungo vya viumbe ni tata mno kuweza kutokea hatua kwa hatua, kwa hiyo lazima kuna Msanifu mwenye akili aliyevipanga. Msanifu huyo hakutajwa jina. Waliomwandikia vitabu walijua kwamba akitajwa, mahakama itamkataa.

Kiangazi cha 2004 walimu wa Dover waliomba kitabu kipya cha biolojia, kilichoandikwa na Kenneth Miller na Joseph Levine. Buckingham, akiwa mwenyekiti wa kamati ya mtaala, alikikataa kwa kuwa kimejaa Darwin mwanzo hadi mwisho. Katika vikao vya hadhara vya Juni alisema nchi yao haikujengwa juu ya imani ya Waislamu wala juu ya mageuko, imejengwa juu ya Ukristo, na wanafunzi wafundishwe hivyo. Alikumbusha kwamba miaka 2,000 iliyopita kuna mtu aliyekufa msalabani, akauliza kama hakuna wa kusimama kwa ajili yake. Mke wake naye alisimama katika mkutano akasoma maandiko ya Mwanzo.

Ningeomba msomaji Mwislamu na msomaji Mkristo wayasome maneno hayo pamoja. Mtu anayesema hivyo kanisani anahubiri. Anayesema hivyo katika kiti cha bodi ya shule, mbele ya walipa kodi wa imani zote, anamwambia mtoto wa jirani yake kwamba hii si shule yake.

Buckingham akapendekeza kitabu kingine, Of Pandas and People, kinachotetea hoja ya Msanifu. Bodi ilipokataa kukinunua kwa fedha za shule, alichangisha kanisani kwake. Zilipatikana dola 850, akaandika hundi akampa baba yake Bonsell, naye akanunua vitabu. Nakala 60 zikafika shuleni zikiwa na sifa moja tu, kwamba ni zawadi kutoka kwa mfadhili asiyetaka kutajwa.

Oktoba 18, 2004 bodi ilipitisha, kwa kura sita dhidi ya tatu, kwamba wanafunzi waelezwe mapengo katika nadharia ya Darwin na wajulishwe nadharia nyingine, ikiwamo ya Msanifu. Carol Brown na mumewe Jeff, wote wajumbe wa bodi, walijiuzulu usiku uleule. Katika maneno yake ya kuaga, Carol alisema kwa muda wa mwaka mmoja alikuwa ameulizwa mara mbili kama ameokoka. Swali hilo tunalijua sana huku kwetu. Akiliuliza mchungaji, ni kazi yake. Likiulizwa ndani ya bodi ya shule, maana yake kuna wajumbe wa daraja la kwanza na wa daraja la pili.

Uamuzi ule ulizaa tangazo fupi la kusomwa katika madarasa ya biolojia. Lilisema nadharia ya Darwin si jambo lililothibitika, kwamba ina mapengo, kwamba hoja ya Msanifu ni maelezo mengine, na kwamba kitabu cha Pandas kipo kwa anayetaka. Walimu wa sayansi wa Dover waliandika barua ya pamoja wakakataa kulisoma. Walieleza kwamba kulisoma ni kuwadanganya wanafunzi, wawaaminishe kuwa jambo fulani ni sayansi wakati wao wenyewe wanajua si sayansi. Januari 2005 viongozi wa utawala wa wilaya wakaingia darasani badala yao na kusoma. Walipomaliza waliwaambia wanafunzi kwamba hakutakuwa na mjadala wa jambo hilo, na walimu wao hawatajibu maswali juu yake.

Hapo ndipo ninapoamini bodi ilijihukumu yenyewe. Kama hoja ya Msanifu ilikuwa sayansi, mtoto angeruhusiwa kuinyooshea mkono. Somo lisilotaka maswali halina kazi katika darasa la biolojia, na dini iliyo imara nayo haiogopi maswali.

Siku 40 Harrisburg

Kesi ilianza Septemba 26, 2005 katika mahakama ya shirikisho mjini Harrisburg, mbele ya Jaji John E. Jones III, bila wazee wa baraza. Ikaenda hadi Novemba 4.

Kenneth Miller, mtunzi mwenza wa kile kitabu kilichokataliwa na profesa wa Chuo Kikuu cha Brown, ndiye aliyetangulia kutoa ushahidi. Alieleza namna kromosomu, jeni na visukuku vinavyosimulia historia ileile bila kukubaliana mapema. Yeye ni Mkatoliki anayekwenda misa, na alisema wazi kwamba sayansi haina kipimo cha kumpima Mungu, si kwa kumthibitisha wala kwa kumkanusha.

Aliyefafanua jambo hilo vizuri kuliko wote alikuwa John Haught, mwanateolojia wa Chuo Kikuu cha Georgetown. Alimwomba jaji afikirie birika linalochemka jikoni. Ukiuliza kwa nini maji yanachemka, mmoja atakwambia ni kwa sababu molekuli zake zinakwenda mbio na kugeuka mvuke. Mwingine atasema ni kwa sababu mke wangu amewasha jiko. Wa tatu atasema ni kwa sababu nataka chai. Majibu yote matatu ni ya kweli, na hakuna linalolifukuza jingine. Kosa ni kumtafuta mnywa chai ndani ya molekuli. Haught alisema hoja ya Msanifu inaidhuru teolojia yenyewe, kwa sababu inamshusha Mungu hadi kuwa kiraka cha kuziba mahali ambapo maabara bado haijafika.

Kisha akaja Barbara Forrest, mwanafalsafa kutoka Louisiana, na mafaili yake. Mawakili wa wazazi walikuwa wamepata rasimu za zamani za kitabu cha Pandas. Forrest aliziweka kando kwa kando. Rasimu za mwanzo zilizungumzia uumbaji waziwazi. Baada ya hukumu ya 1987, neno uumbaji na ndugu zake, waliotokea mara 150 hivi, waliondolewa na mahali pao pakawekwa usanifu wenye akili, sentensi nyingine zikiachwa zilivyokuwa. Katika rasimu moja mhariri alifuta bila uangalifu, herufi za neno la zamani zikabaki zimeganda mwanzoni na mwishoni mwa maneno mapya. Karatasi ile ilionyesha kitabu kikivuliwa vazi moja na kuvalishwa jingine.

Upande wa bodi ulimtegemea Michael Behe, profesa wa biokemia wa Chuo Kikuu cha Lehigh. Ni mtu makini. Anakubali kwamba dunia ni ya kale sana na kwamba viumbe wana asili ya pamoja. Alidai tu kwamba mifumo kama mkia wa kuogelea wa bakteria, au kinga ya mwili, haiwezi kuelezwa kwa hatua ndogondogo. Wakili Eric Rothschild akamwekea mbele machapisho 58 ya kitaalamu, vitabu tisa na sura kadhaa za vitabu vya kiada kuhusu mageuko ya kinga ya mwili. Behe akajibu kwamba hayo hayamtoshi. Alikubali pia kwamba kwa jinsi alivyoipanua maana ya nadharia ya kisayansi, hata unajimu ungeweza kuingia.

Lakini kilichoiangusha bodi zaidi ni wajumbe wake wenyewe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ile ya Dover ilikuwa fupi mno. Katika maelezo ya awali ya Januari 2005, Buckingham alidai hajui fedha za vitabu zilitoka wapi. Mahakamani akaonyeshwa hundi yenye saini yake. Alikana kwamba aliwahi kuzungumzia uumbaji. Ikachezwa picha ya televisheni akiuzungumzia kwa mdomo wake. Bonsell naye alikuwa ameficha kwamba fedha zilipita kwa baba yake, na safari hii jaji mwenyewe alichukua zamu ya kumhoji.

Wajumbe walijaribu pia kusema magazeti ya huko yametunga maneno waliyonukuliwa. Kwa hiyo waandishi wawili wa kujitegemea, waliokuwa wakihudhuria vikao vile vya jioni na kuandika kilichosemwa, waliitwa kizimbani kuapa kwamba waliandika kweli. Jaji aliwaamini. Kwa sisi wa kazi hii, hilo si jambo dogo. Taarifa fupi ya kikao cha bodi ya shule, ambayo pengine wasomaji wachache waliimaliza, ndiyo iliyokuja kuonyesha kusudi la watu waliokuwa wakilikana.

Novemba 8, siku nne baada ya kesi kumalizika na kabla ya hukumu, wakazi wa Dover walipiga kura. Viti vinane vya bodi vilikuwa vikigombewa, na wajumbe wote wanane waliotetea viti vyao walishindwa. Miongoni mwa walioingia alikuwemo Bryan Rehm, aliyewahi kuwa mwalimu wa fizikia shuleni hapo, mmoja wa wazazi walioshtaki, mtu aliyefundisha watoto Biblia kanisani pamoja na mkewe. Mhubiri maarufu wa televisheni, Pat Robertson, akawaonya watu wa Dover kwamba likiwapata janga wasimgeukie Mungu, kwa kuwa wamemfukuza mjini mwao. Wenyeji wa Dover walikuwa wamepiga kura tu. Jumapili iliyofuata makanisa yao yalikuwa wazi kama kawaida.

Hukumu ilitoka Desemba 20, 2005, kurasa 139. Jaji Jones alisema hoja ya Msanifu si sayansi, na kwamba lengo la bodi lilikuwa la kidini. Aliandika kwamba ni ajabu watu waliojitangaza hadharani kuwa washika dini kusema uongo tena na tena ili kuficha kusudi lao. Aliongeza kwamba ni kosa kubwa kudhani nadharia ya mageuko inapingana na imani ya kuwapo Mungu. Hakukataza watu kuitafiti au kuijadili hoja ya Msanifu; alikataza isifundishwe kama mbadala wa mageuko katika darasa la sayansi la shule ya umma. Kwa kazi hiyo alitishiwa kuuawa, akalindwa na maofisa wa serikali. Wilaya ya shule ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni moja za gharama za mawakili. Hizo ni fedha za walipa kodi wa mji mdogo, zilizotolewa kwa ajili ya tangazo lisiloruhusu hata swali moja.

Mafuvu yako kwetu

Mabishano haya yamezunguka dunia. Mwaka 2017 Uturuki ilitangaza kuondoa mageuko katika mtaala wa sekondari kwa maelezo kwamba ni magumu kwa umri ule. Mwaka 2023 India iliiondoa mada hiyo katika kitabu cha darasa la kumi.

Afrika Mashariki yalitufikia mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yakiwa yamefungwa kwa ukarabati. Askofu Boniface Adoyo alitaka mifupa ya Mvulana wa Turkana, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 na yenye umri wa miaka milioni moja na nusu na zaidi, isiwekwe mbele ya watu, au iambatane na maelezo kwamba mageuko ni nadharia moja kati ya nyingine. Mtafiti wa visukuku Richard Leakey alimpinga vikali. Nasema hivi kwa heshima: askofu alisema kwa jina lake, mchana, bila kuficha anachokitaka. Makumbusho yalipofunguliwa upya mifupa iliwekwa hadharani, na makanisa yakaendelea na ibada. Ndivyo mabishano ya watu wastaarabu yanavyopaswa kwenda.

Shuleni kwetu, kwa miaka mingi, mambo yamepangwa kwa utulivu kuliko Marekani. Mwanafunzi wa Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4 alisoma uumbaji katika somo la dini la Kikristo kidato cha kwanza, na mageuko katika biolojia kidato cha nne. Wa Tanzania alikutana na chimbuko la binadamu katika historia ya kidato cha kwanza, akafahamishwa fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, kisha akarudi kwenye mageuko katika biolojia kidato cha nne. Kila somo na kipindi chake, kila mwalimu na taaluma yake. Hatukuhitaji jaji kutupangia.

Tuna ugonjwa mwingine, ule wa korido ya Dover. Wengi waliosoma sekondari huku wanaikumbuka sauti ya mwalimu akifika kwenye mada hii: haya someni tu mfaulu mtihani, msiyaamini. Kisha anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, ukurasa unafunuliwa. Hakuna bodi iliyomtisha. Anajitisha mwenyewe, kwa kuhofia mzazi, kiongozi wa dini, au hata dhamiri yake. Na mtoto anatoka na majina ya mafuvu kichwani bila kuelewa jambo lenyewe.

Hasara yake tunaibeba sisi kuliko watu wa Pennsylvania. Aliyekulia ukanda huu anakumbuka uchungu wa klorokwini mdomoni. Malawi iliiacha kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 1993, Kenya 1998, Tanzania 2001, kwa sababu ilikuwa imeacha kuponya. Miongoni mwa mamilioni ya vimelea walikuwapo wachache ambao dawa haikuwaua. Walionusurika wakazaana, vizazi vikapita, hatimaye karibu wote wakawa wa aina yao. Huo ni uteuzi asilia, ulifanyika ndani ya damu zetu. SP, dawa iliyochukua nafasi yake, ikafuata njia hiyohiyo, na tangu 2006 Tanzania ikahamia dawa mseto. Tena kuna ushahidi wa upande wa pili: zaidi ya miaka kumi baada ya Malawi kuiacha klorokwini, watafiti walikuta vimelea vya Blantyre vimerudi kufa kwa klorokwini, kwa kuwa wale sugu hawakuwa tena na faida juu ya wenzao. Mwanafunzi akilielewa hili, hahitaji kuhubiriwa kwa nini asikatize dozi ya mseto siku ya pili homa inaposhuka, au kwa nini asinunue kidonge kimoja kimoja dukani.

Selimundu ni mfano mwingine wa hapa nyumbani. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake wa Afrika Mashariki ulioonyesha kwamba anayerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imebaki kwa wingi pwani na ukanda wa maziwa, ingawa mtoto anayeirithi kwa wazazi wote wawili huteseka sana. Familia nyingi zenye mgonjwa wa selimundu zimeambiwa ni laana, ni kurogwa, ni dhambi ya mama. Ukurasa mmoja wa biolojia, ukifundishwa vizuri, unamwondolea mama huyo mzigo ambao hakustahili kuubeba. Sioni dini inayoweza kulikasirikia jambo hilo.

Wala viongozi wakubwa wa dini hawakuliogopa wote. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliiandikia Akademia ya Sayansi ya Kipapa kwamba ujuzi mpya umeifanya nadharia ya mageuko kuwa zaidi ya dhana tu, huku akishikilia kwamba roho ya mwanadamu hutoka kwa Mungu. Wanazuoni wa Kiislamu wana mjadala wao mrefu, hasa juu ya Adamu, nao unaendelea. Mijadala hiyo ina mahali pake: misikitini, makanisani, madrasa, vyuo vya teolojia, na mezani nyumbani.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa biolojia: mkifika kwenye mada ya mageuko, fundisheni yote, na mikono ikinyooshwa, jibuni. Mwanafunzi akiuliza habari za Mungu, mwambieni swali lake ni kubwa na linastahili mwalimu wa dini, kisha mrudi kwenye klorokwini. Wakuu wa shule, mwalimu akiletewa malalamiko kwa kufundisha kilichomo katika mtaala, simameni naye. Nanyi masheikh, mapadri na wachungaji, mkimsikia mtoto amerudi na fuvu la Olduvai kwenye daftari, msimkemee. Mketisheni mumsikilize, kisha mfundisheni mnachokiamini kwa jina lenu wenyewe, kwa muda wote mnaotaka.